Blanketi Iliyorudi Kwenye Mfuko

Mkono ulikua ushaingia kwenye mfuko. Vidole vishashika pindo la blanketi niliyoishona wiki sita, nangoja tu mwanamke aliye mbele yangu amalize kumbusu mtoto ili nami nisogee nimpe binamu yangu zawadi yake. Tuko Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya pili, arubaini ya mtoto, udi umejaa chumba kizima na watoto wanapigania bajia kule kwenye ngazi.

Yule mwanamke ni wifi yake binamu yangu. Akafungua karatasi, akatoa blanketi. Ya viraka, kama yangu.

Yake ilikua na nyota. Nyota tisa, kila moja na ncha nane, na kila ncha imekutana na mwenziwe pale pale inapotakiwa, hakuna hata moja iliyoliwa na mshono. Kijani cha maji na nyeupe ya maziwa. Akaikunjua juu ya kitanda ikalala tuli, yaani imelala kama karatasi, haina wimbi. Wanawake wakasema mashallah, simu zikatoka, mtoto akalazwa juu yake akapigwa picha.

Nikautoa mkono mfukoni.

Nikaomba bahasha, nikatia elfu moja, nikampa binamu yangu, nikambusu mtoto, nikala pilau na watu. Nikarudi zangu Tudor na tuktuk, mfuko umekaa mapajani, na nilipofika nyumbani nikaurusha juu ya kabati ukakaa huko wiki saba.

Hizo wiki saba ndo nataka kuziandika.

## Ilivyokua yenyewe

Vipande 180. Kumi na mbili kwa upana, kumi na tano kwa urefu, kila kimoja nilikikata inchi tatu na nusu ili kikishonwa pande zote kibaki inchi tatu. Kwa hesabu itoke blanketi ya inchi 36 kwa 45, saizi ya mtoto mchanga. Vitambaa ni leso tupu, yaani khanga za kujifunga: mbili za nyanya yetu marehemu, moja ya khalati, dada yake mamangu, moja yangu, na moja nyekundu nilienda kuinunua ili kujaliza. Katikati sikutia pamba, nilitia shuka kuukuu laini, manake mtoto wa Mombasa ukimfunika kitu kizito wakati wa joto la kaskazi utamuamsha na harara mwili mzima.

Safu ya kwanza ilitoka inchi 36 na nusu kamili, ile nusu ni ya kuliwa na mishono ya pembeni. Ya nne ilitoka 35 na kidogo.

Nilijua kwa nini. Mie nashona usiku, baada ya Isha, na ile safu niliishona siku nimetoka kazini hoi, kila mshono badala ya kula robo inchi kila upande ulikua unakula zaidi kidogo, kidogo sana, ukiangalia kwa macho huoni. Thumni tu ya inchi, sehemu moja ya nane, kila mshono. Lakini vipande kumi na mbili vina mishono kumi na moja katikati yake, na thumni kumi na moja ni inchi moja na thumni tatu, hio si kidogo tena. Nilipofika kuiunganisha na wenzake haikufika, nikaivuta kwa nguvu ikafika, na kitambaa ukikivuta hakisahau. Ikawa pale blanketi hailali, ina wimbi.

Alafu ile leso nyekundu mpya. Hizi nyingine zishafuliwa miaka, zishamaliza rangi yao ya kumwaga. Mpya nilitakiwa niiloweke kwanza kabla ya kukata na sikuiloweka, nilikua na haraka. Nilipoifua blanketi mara ya kwanza ilichuja, kona moja nyeupe yote ikawa waridi.

Haya yote niliyajua kabla ya kwenda Kibokoni! Asubuhi ya siku hio niliitandika kitandani mwangu nikaitazama nikatabasamu peke yangu, nikampigia mamangu nikamwambia imetoka nzuri. Wimbi lilikuepo, kona ya waridi ilikuepo. Jioni vitu ni vile vile na mie sikuweza kuitoa mfukoni.

## Maneno ya kunifariji

Nilimwambia shoga yangu mmoja tu, na mamangu. Wote wawili walinijibu karibu jibu moja: ya kwako ina maana zaidi. Yule amenunua vitambaa dukani, wewe umeshona leso za nyanya, mtoto atakua akiambiwa hii ilikua ya nyanya yake mkubwa, hio nyota itamwambia nini.

Nililipenda hilo jibu. Nililipenda siku tatu hivi, nakula chakula nalo.

Siku ya nne nilikua nasimama Mwembe Tayari nangoja matatu nikajishika nikiwaza kuhusu yule wifi, na nilichokua nawaza hakikua kizuri. Nilikua nasema moyoni, pesa tu, ana muda, hana kazi ya kuamkia, vitambaa vya bei, hata mwanangu angeshona hivo akipewa vile. Mtu simjui! Sijui amekesha masiku mangapi. Sijui hizo nyota amezifumua mara ngapi. Nimemshusha ili mie nipande, na nimetumia leso za nyanya yangu kama ngazi.

Hapo nikaogopa kweli.

Manake niliona lile neno la kufariji halikunitoa kwenye mashindano, limenibadilishia mizani tu. Kwenye mizani ya ncha za nyota nimeshindwa, basi tulete mizani ya mapenzi na kumbukumbu, huko nitashinda. Na mtu akija kesho na blanketi ya leso za nyanya yake na haina wimbi, nitakimbilia mizani gani tena?

Wanasema pia usijilinganishe na watu. Nimeambiwa hivo tangu nianze kushona. Lakini sie tumelelewa kwa kulinganishwa: madrasa ni mtazame mwenzio kesha hifadhi juzuu ngapi, jikoni ni chapati za fulani ni duara, na mji wenyewe huu tangu enzi za wazee ngoma ya mtaa huu ilikua ikishindana na ngoma ya mtaa ule, na leso tunazojifunga wengine hununua kwa sababu ya jina lake tu, ili jirani asome aelewe anaambiwa yeye. Ukimwambia mtu aliyekulia hapa asijilinganishe umemwambia asipumue. Nilikua nataka mtu anambie nifanye nini na mikono.

## Nikafunga macho

Kwa hivo nikajaribu lile ambalo kila mtu anashauri. Niliacha kuwafuata Instagram wote wanaoshona viraka, kama arobaini hivi. YouTube nikafuta orodha zangu zote. Grupu moja ya WhatsApp ya kina dada wanaoshona nikaizima sauti.

Kulikua na utulivu, siwezi kudanganya. Wiki mbili za utulivu kabisa, hakuna ncha ya nyota ya mtu iliyonijia usiku.

Na pia sikushona hata mshono mmoja.

Sikugundua mara moja. Nilidhani nimepumzika. Siku moja nafagia nikaona vumbi kwenye kile kibao cha mguu cha cherehani, Singer nyeusi ya khalati, vumbi la kuandika jina kwa kidole, nikasema subhanallah, kumbe sijakaa hapa tangu lini? Nikakaa. Nikawaza nishone nini na kichwa kikawa cheupe. Kumbe hamu yangu ya kushona ilikua inatoka kule kule kwenye macho. Naona rangi mbili za mtu zimekaa pamoja, nasema ah, mie ningetia na manjano hapo, na mkono ushaanza kuwasha.

Na kila nilichojua nilikiona kwa mtu. Mfano hii ya kupiga pasi mishono: safu ya juu unailaza mishono yake kulia, safu ya chini unailaza kushoto, ukiziweka pamoja mishono inaingiana kama vidole na kona inakutana yenyewe. Hilo nilimuona mwanamke mmoja kwenye simu, lugha yake siielewi hata neno, nilikua natazama mikono tu. Ningekua nimefunga macho wakati ule ningekua bado napachika kona kwa kubahatisha.

Basi nikakwama. Nikitazama naumia, nisipotazama sishoni.

## Baraza ya Biashara Street

Ijumaa moja nilitumwa Biashara Street kununua leso za sare ya harusi, pea ishirini. Wanaoijua ile mtaa wanajua, unanunua leso ndani ya duka, zile mbili bado zimeshikana, alafu unatoka nje barazani kuna mafundi na cherehani zao wamejipanga, wanakukatia katikati na kukupindia hapo hapo ukingoja. Mie nilikua na ishirini kwa hivo nilikaa sana. Mafundi wawili waligawana mzigo wangu, kijana mmoja na mzee mmoja, wamekaa bega kwa bega.

Hawatumii pini. Kidole gumba kinakunja mara ya kwanza, kinakunja mara ya pili, na leso inaenda chini ya sindano kama maji, pindo jembamba.

Kijana alipomaliza ya tatu au ya nne, mzee akanyoosha mkono bila kusema kitu akaichukua. Akaipitisha lile pindo kati ya vidole viwili, kutoka mwanzo mpaka mwisho, macho yake yako barabarani wala hatazami leso. Katikati vidole vikasimama.

"Hapa umevuta."

Kijana akaichukua, akapitisha vidole vyake pale pale. "Kweli." Alafu akavuta moja ya mzee kwenye rundo, akaitafuta kona, akaiweka juu ya kona yake mwenyewe, moja juu ya nyingine, wakainama wote wawili. "Wewe hapa wakunja gani, mbona yako haina uvimbe?" Mzee akamuonesha. Anakata kipande kidogo cha kona kabla ya kukunja, hapo ndo unene unapoondoka. Kijana akajaribu kwenye iliyofuata. Mzee akaishika, akatoa sauti ya eeh, wakaendelea.

Hakuna aliyenuna. Hakuna aliyesema kila mtu na kipaji chake.

Nilikaa pale kwenye kistuli nikaona kitu kikinisogea kifuani. Wale wamelinganisha mbele yangu, tena bila huruma, kona na kona, na hakuna kilichovunjika.

Kuna kisa cha leso ambacho pwani wengi tunakijua, kwamba zamani, karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vile vitambaa vya mraba vya Wareno, ndo hilo neno leso lilikotoka, wakakata sita, tatu juu tatu chini, wakavishona pamoja wakajifunga. Baadae ndo wenye maduka wakaona, wakaagiza vinavyochapwa kizima, na maneno yakaja kutiwa baadae, na wauza leso kama Kaderdina Hajee Essak, wale wenye chapa ya Mali ya Abdulla, wapo Mombasa tangu 1887. Nilikua nakipenda hiki kisa kwa sababu mie mshona viraka, najisifu nacho kwamba leso yenyewe asili yake ni viraka. Lakini siku ile barazani nikakifikiria upande mwingine. Mwanamke wa kwanza alishona sita zake. Wa pili alifanyaje? Si alimuona! Alimuona mwenziwe kapita nayo, akaitazama mpaka imepotea kwenye kichochoro, akaenda nyumbani akajaribu. Lau kila mmoja angefunga macho asiumie moyo, leso zisingetoka nyumba ile ya kwanza.

## Herufi mbili

Kwenye matatu narudi, pea ishirini mapajani, neno likaanza kunizunguka.

Kulinganisha. Kujilinganisha.

Tofauti ni ji, herufi mbili, na tunayatumia kama neno moja. Lakini hebu yashike uone. Ukilinganisha una vitu viwili mkononi, kona mbili za leso, unatazama hiki kisha hiki. Ukijilinganisha, kile chako umekiweka chini ukasimama wewe mahali pake. Sasa upande mmoja kuna nyota tisa za kijani na upande wa pili kuna mtu mzima, na usingizi wake, na kazi yake, na mshahara wake, na nyanya yake aliyekufa.

Na nikakumbuka kitu kikaniuma. Siku ya arubaini hapakua na blanketi mbili mle chumbani. Yangu sikuitoa. Kulikua na blanketi moja, na mie.

Wala mtoto sikumuwaza. Zawadi ni ya mtoto, ameletwa duniani siku arubaini zimetimia, na mie shangazi yake nilichokua nacho kichwani ni nitaonekanaje.

## Nikampigia

Ilinichukua siku mbili kuomba namba. Binamu yangu akauliza ya nini, nikamwambia nataka kumuuliza wifi yako kitu cha kushona.

Nilimuandikia kwanza. Nikajitambulisha, nikamwambia tulikua pamoja Kibokoni. Hakunikumbuka hata, akaniomba radhi, watu walikua wengi. Na mie wiki zote hizo nimeishi naye kichwani, nimebishana naye, nimemshusha, nimempandisha. Yeye hajui nipo.

Nikamuuliza: zile ncha umezikutanishaje?

Akanitumia voisi noti, moja, mbili, zikawa sita. Sauti ina furaha kama mtu aliyekua anangoja kuulizwa. Akasema pembetatu ni kitambaa kilichokatwa mshazari, na mshazari huvutika ukigusa tu, kwa hivo kabla hajakata anakitia wanga mzito, anakipiga pasi mpaka kinakua kikavu kama bahasha. Alafu anakata kubwa kuliko anavyotaka, anashona, na akimaliza ndo anapunguza kila mraba kwa rula mpaka saizi moja. Na robo inchi haipimi kwa macho, ametia tepu ya karatasi kwenye kile kibati kilicho chini ya sindano, kitambaa kinafuata tepu. Na anafumua. Nyota ya kwanza aliifumua mara tano.

Alafu akasema, nitumie yako niione.

Nilikaa na simu kama saa nzima. Niliiteremsha juu ya kabati, nikaitandika, nikapiga picha nikafuta, nikapiga ya upande mwingine wimbi lisionekane, nikafuta hio pia. Mwisho nikapiga yote kama ilivyo na kona ya waridi nikatuma kabla mkono haujakataa.

Jibu lilikuja baada ya Maghrib. "Safu ya nne imevutwa eh? Hio usiifumue, ishapita bitana utaiharibu. Inayofuata tia tepu. Hizo leso nyeusi na nyekundu ni kisutu cha zamani? Waipata wapi siku hizi ikiwa laini hivo?"

Basi. Hakusema ni nzuri, wala hakuniambia usijali.

Kiliniuma. Nasema ukweli, kilikaa kifuani kama dakika kumi, na hata saa hizi nikiwa naandika sidhani itafika siku nitamuonesha mtu kazi yangu aniambie imevutwa na nisihisi kitu. Lakini zile dakika kumi zilipita, na zilipopita nilikua natafuta tepu kwenye droo. Nikaitia. Nikachukua vipande viwili vya mabaki nikashona nikapima, nikashona vingine nikapima, robo, robo, robo. Nilikaa pale mpaka saa sita usiku, na ilikua mara ya kwanza tangu arubaini.

## Miezi mitatu na nusu

Jumamosi iliyopita nilienda Kibokoni na mfuko wangu.

Mtoto keshakua, anajaribu kugeuka. Ile blanketi ya nyota ilikua kwenye kamba pale dirishani inakauka, ina doa la dawa upande mmoja, na nikaitazama kwa karibu sana, nikageuza nikaona mishono yake kwa nyuma imelazwa vizuri, mingine amelaza wazi pande mbili pale unene ulipozidi. Hilo sikulijua. Nikalichukua.

Yangu binamu yangu aliitandika juu ya mkeka akamlaza mtoto kifudifudi. Mtoto akanyoosha mkono akashika ile kona ya waridi, akaitia mdomoni.

Binamu yangu alikua anapitisha mkono juu ya vipande, taratibu, akakuta kimoja chenye maneno. Nilipokata sikuangalia jina, kwa hivo limekatika katikati, pamebaki herufi tu, kuna BIRA na kuna YA M. Akaishika pale akanyamaza. "Hii ndo ile alokua akivaa akikanda mahamri," akasema. Nikamwambia ndo hio.

"Mbona hukuja nayo siku ile?"

"Nilikuja nayo. Ilikua kwenye mfuko."

Akanitazama. Sikuongeza kitu na yeye hakuuliza. Akaendelea kupitisha mkono mpaka akafika safu ya nne, vidole vikasimama kwenye wimbi, akalibonyeza likarudi, akalibonyeza tena.

"Hapa pamefanyaje?"

Nikasogea nikakaa chini karibu yake, nikamuonesha mshono wa kwanza, thumni, wa pili, thumni, nikaenda naye mmoja mmoja mpaka wa kumi na moja.